Uyoga Hautambuliwi kwa Picha ya Kofia Yake

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, zinapoinyeshea Kampala, uyoga huchipuka kwenye nyasi za viwanja, kandokando ya vichuguu vya Wakiso na Mukono, chini ya misonobari ya mashamba ya miti, na hata penye maganda ya matooke yaliyotupwa nyuma ya nyumba. Siku hizi mkono wa kwanza kuufikia mara nyingi ni ule ulioshika simu. Mtu hupiga picha, programu humsubirisha sekunde mbili tatu, kisha hutoa jina la Kilatini. Hoja yangu ni kwamba jina hilo lina thamani kubwa kwa baadhi ya viumbe, na kwa vingine halitegemeki hata kidogo, na kwamba ubora wa kamera si chanzo cha tofauti hiyo. Chanzo ni kama wapo watu, hapa hapa kwetu, waliokwisha kuvishika viumbe hivyo mkononi, wakavikata, wakavikausha, wakavilinganisha na kuviandika. Uganda haina upungufu wa picha. Tunachopungukiwa ni watu wanaoweza kuitazama picha na kusema, kwa sababu zinazoeleweka, kwamba jina lililotolewa si lake.

Nianze na mahali ambapo picha inafaulu, maana wanaoidharau kabisa wanakosea. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walitega kamera 225 katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nchini Tanzania, zikawa zinajipiga zenyewe kila mnyama anapopita. Picha zikafika mamilioni. Mradi huo, uitwao Snapshot Serengeti, uliwaomba watu wa kawaida duniani kote wazitazame na kutaja mnyama aliyemo, na zaidi ya watu 28,000 wakajitolea. Majibu yao yalipojumlishwa na kulinganishwa na ya wataalamu, usahihi ulikuwa takriban asilimia 98. Mwaka 2018 watafiti wengine walichapisha matokeo ya programu ya akili mnemba iliyofunzwa kwa picha hizo hizo, nayo ikawatambua wanyama wa makundi 48 kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 93. Haya ni mafanikio ya kweli, na yeyote aliyewahi kuajiriwa kukaa mbele ya kompyuta akihesabu nyumbu picha kwa picha anajua ni mzigo gani ulioondolewa. Lakini masharti ya mafanikio hayo yanastahili kusomwa vizuri. Orodha ya wanyama ilikuwa fupi na ilijulikana kabla kamera ya kwanza haijatundikwa. Kila picha ilipita mbele ya macho mengi. Na palikuwa na picha zaidi ya 4,000 zilizothibitishwa na wataalamu, ambazo majibu yote yalipimwa kwazo. Hata hivyo makosa yalijikusanya kwa wanyama walioonekana kwa nadra, yaani wale wale ambao mhifadhi angependa zaidi kuwajua.

Kampala nayo ina viumbe wa namna hiyo. Kalooli, yule korongo mkubwa mwenye mfuko shingoni anayesimama juu ya miti ya mjini na majalalani, hahitaji mtaalamu wala programu. Kwa sababu jina lake halina utata, imewezekana kufuatilia idadi yake kwa miongo mingi: Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere aliandika kuhusu ndege wala taka wa Uganda tangu mwaka 1975, na baadaye akishirikiana na Richard Ssemmanda akachapisha taarifa ya ndege hao mjini Kampala kati ya 1973 na 2009, miaka ambayo kalooli waliongezeka sana. Tumbusi wadogo wa kahawia wenye nyuso zisizo na manyoya, ambao tangu 2015 wamo katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka duniani, wanaweza pia kuhesabiwa kwa picha za wapita njia, na ningependa wahesabiwe hivyo, kila juma, kuanzia machinjioni hadi majalalani. Kwa ndege hawa simu ni chombo cha sayansi bila masharti mengi.

Ukitoka mjini na kwenda kilomita zipatazo hamsini kwa barabara ya Jinja hadi msitu wa Mabira, picha inaanza kupoteza nguvu. Msitu huo una zaidi ya spishi 300 za ndege, na miongoni mwao kuna kundi la shore wa msituni, ndege wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, wanaojificha kwenye vichaka na kufanana kiasi kwamba waongozaji wazoefu hawawatambui kwa macho peke yake. Husimama wakasikiliza. Sauti ndiyo inayomtenga mmoja na mwenzake, na picha haina sauti. Nadhani ndiyo maana kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka 2002 na ambacho bado kimo mikobani mwa waongozaji wengi, kilitumia michoro badala ya picha za kamera. Mchoraji anaweza kuonyesha alama zinazotenganisha ndege wawili, akawaweka katika mkao mmoja na mwanga mmoja. Picha huonyesha ndege mmoja, siku moja, kwenye kivuli kimoja.

Kwa uyoga hali ni nzito zaidi. Kila mtu wa Buganda anaujua obubaala, ule uyoga mdogo mweupe unaochomoza kwa maelfu juu ya udongo baada ya mvua, na ambao wanawake wa sokoni huuza kwa mafungu. Uyoga una heshima kiasi cha kuwa mwiko wa ukoo mzima, ukoo wa Obutiko. Kitaalamu obubaala ni spishi ya jenasi Termitomyces, iliyopewa jina hilo na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, na maisha ya jenasi hiyo yamefungamana na mchwa. Mchwa hulima ukungu wake ndani ya kichuguu, juu ya masega waliyoyatengeneza kwa majani na miti waliyoitafuna, nao huwageuzia chakula hicho kigumu kiwe kinacholika. Spishi nyingi kubwa za jenasi hii huwa na shina refu linaloshuka ardhini mithili ya mzizi mpaka kwenye masega yenyewe. Obubaala haufanyi hivyo: huota kwenye vipande vya masega ambavyo mchwa wamevitoa nje na kuvitandaza. Kwa hiyo mchumaji anayejua kazi yake hatosheki na kofia. Huchimba, hufuata shina chini, na huangalia kama pana mchwa.

Sasa weka kando yake uyoga wa jenasi Amanita, ambayo ndani yake wamo wauaji wakubwa kuliko wote duniani. Nyingi za spishi zake zina kifuko kwenye kitako cha shina, na kifuko hicho hukaa ndani ya udongo. Ukiung'oa uyoga kwa haraka hubaki ardhini. Yaani alama ya upande wa chakula iko chini ya ardhi, na alama ya upande wa sumu nayo iko chini ya ardhi, na picha iliyopigwa na mtu aliyesimama haionyeshi hata mojawapo. Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na nyumba zetu. Chlorophyllum molybdites ni uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, unaopenda viwanja vya nyasi katika nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo. Akiula mtu, baada ya saa chache hutapika na kuharisha vibaya. Alama yake kuu ni spora za kijani, rangi isiyopatikana kwa uyoga mwingi mwingine. Lakini ukiwa mchanga, vile vibamba vyembamba vilivyo chini ya kofia huwa vyeupe bado, na picha itaonyesha uyoga mweupe wa kupendeza unaofanana na unaoliwa. Ukitaka kujua, kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Asubuhi Termitomyces huacha vumbi la rangi ya waridi, Amanita huacha jeupe, na ule wa uwanjani huacha la kijani. Kipimo hicho hakiwezi kusema kwamba uyoga unalika, na asitokee mtu wa kukitumia hivyo. Kinaweza tu kulivunja jina la uongo, na kulivunja jina la uongo ni kazi ambayo picha imeshindwa.

Kushindwa huko kumepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walichapisha jaribio walilofanya kwa sampuli 78 za uyoga uliokwisha kutambuliwa na wataalamu, wakazipitisha katika programu tatu za simu. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilipata asilimia 49. Mbili nyingine zilipata asilimia 35 kila moja. Hiyo ni Australia, nchi yenye wataalamu wa uyoga, vitabu na makusanyo, na ambayo uyoga wake umepigwa picha mara nyingi kupita wetu. Uzito wa asilimia hizo unaonekana ukikumbuka jinsi sumu ya Amanita phalloides inavyofanya kazi. Mlaji hasikii kitu kwa saa sita au zaidi, mara nyingi mpaka kesho yake. Kisha huharisha na kutapika, halafu hupata nafuu, nyumbani wakadhani yamepita, ilhali ini linaendelea kuharibika. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Hakuna asilimia 49 inayotosha mbele ya jambo la namna hii, wala 90.

Kuna kisa cha zamani kinachoonyesha kwamba tatizo hili halikuletwa na simu. Sir Harry Johnston alikuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza nchini Uganda tangu 1899 hadi 1901. Katika misitu ya Kongo, ng'ambo ya mto Semliki, alitafuta mnyama ambaye Wambuti walimfahamu na Wazungu hawakuwa wamemwona. Alichopata kwanza ni vipande vya ngozi yenye milia, vilivyokuwa vimefanywa mikanda. Akavipeleka London, na mtaalamu P. L. Sclater, akitazama milia ile, akamwingiza mnyama huyo katika jenasi ya farasi na punda milia, akampa jina Equus johnstoni. Milia ilisema punda milia. Wakati huohuo wenyeji walikuwa wamemwonyesha Johnston nyayo za mnyama yuleyule msituni, nyayo za kwato zilizopasuka, naye hakuwaamini, kwa kuwa alitarajia kwato nzima za farasi. Akafikiri wanamfuatisha pofu, yule swala mkubwa. Baadaye Karl Eriksson, ofisa wa Kiswidi aliyekuwa akiitumikia Dola Huru ya Kongo, alipata ngozi nzima na mafuvu, vikapelekwa London, na mwaka 1901 Ray Lankester akaweka jenasi mpya, Okapia. Mnyama yule, okapi, ni jamaa wa twiga. Kipande cha ngozi kilitoa habari ileile ambayo picha ingetoa: sura ya nje, rangi, mpangilio wa milia. Kilichosahihisha jina ni fuvu. Na waliokuwa sahihi tangu mwanzo, bila fuvu lolote, ni watu walioishi na mnyama huyo na kusoma nyayo zake.

Ninakaa juu ya kisa hiki kwa sababu mashine za leo zinarudia hatua ya Sclater kila dakika. Programu haiwezi kutaja kitu ambacho haikuonyeshwa. Jukwaa la iNaturalist, lililoanzia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 2008, huhitaji takriban picha 100 za spishi moja kabla ya kuiingiza katika mafunzo ya programu yake. Spishi za Ulaya na Marekani Kaskazini zina maelfu. Za kwetu nyingi hazifikii idadi hiyo ya picha zenye majina yaliyothibitishwa. Basi uyoga wa Mabira ukiwekwa mbele ya programu, nayo haikuwahi kufundishwa jina lake, itatafuta unaoukaribia, na mara nyingi wa karibu ni wa Ulaya. Wataalamu hukadiria kwamba duniani kuna spishi za ukungu na uyoga kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, na zilizokwisha kupewa majina ni karibu 150,000 tu. Kwa Afrika Mashariki, kitabu cha msingi cha uyoga wenye vibamba ni kile cha David Pegler wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, kilichotolewa 1977, naye mwenyewe alikiita cha awali. Kingine ni kile kuhusu uyoga wa Tanzania kilichotoka 2003, cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, ambao walikwenda vijijini wakauliza watu wanakula nini na wanakiitaje, wakakusanya sampuli za kile walichoelezwa. Uganda inastahili kitabu chake cha namna hiyo, na kazi hiyo haiwezi kufanywa kutoka Berkeley.

Watakaonipinga watasema kwamba akili mnemba inaimarika kila mwaka, na kwamba picha zikiongezwa, tatizo litajimaliza. Ni kweli inaimarika, ila pale tu ambapo kuna anayeisahihisha. Katika jukwaa la iNaturalist uchunguzi hupanda ngazi ya kufaa kwa utafiti wakipatikana watambuzi angalau wawili, na zaidi ya theluthi mbili yao wakikubaliana. Kwa ndege wa Kampala sharti hilo linafaa, maana wanaowajua ndege ni wengi. Kwa uyoga wa Wakiso, mtu wa kwanza huchukua jina alilopendekezewa na programu, wa pili huliona linafanana na kubonyeza kukubali, na kosa hupata cheo. Kisha huhamia kwenye hazina za takwimu za dunia, na toleo lijalo la programu hufunzwa kwalo. Picha milioni moja zilizotajwa vibaya hazifanyi ukweli hata mmoja. Serengeti ilifaulu kwa sababu wataalamu walikuwepo mwanzoni na mwishoni mwa kazi, na kazi ya umati ilikaa katikati yao.

Wengine watasema turudi kwa wazee, kwani bibi zetu walichuma uyoga bila simu wala Kilatini, na hawakufa. Nawaheshimu wanaosema hivi kuliko wale wa kwanza, na kisa cha okapi kiko upande wao. Maarifa ya wachumaji ni sayansi ya kweli: yanajua msimu, mti wa jirani, harufu, mchwa, utomvu, na namna shina linavyovunjika. Lakini ni maarifa ya mahali. Kampala imejaa watu waliotoka Acholi, Teso, Kigezi, Bunyoro, Kongo na Sudan Kusini, na uyoga unaoliwa nyumbani kwa mmoja unaweza kuwa na pacha mwenye sumu huku. Mandhari yenyewe pia yamebadilika. Misonobari iliyopandwa Afrika Mashariki ilikuja na uyoga wake mizizini, kama ule wa jenasi Suillus, na bibi wa Kiganda hakuachiwa simulizi lolote kuuhusu. Huko Afrika Kusini Amanita phalloides yenyewe iliingia pamoja na miti ya mialoni kutoka Ulaya. Maarifa ya wazee yanahitaji kuandikwa na kufungwa kwenye sampuli, wakati wenye nayo wangali hai, ili mtu wa mtaa mwingine aweze kuyatumia bila kubahatisha.

Pingamizi la tatu ndilo gumu: wataalamu ni wachache, wana kazi nyingi, na mwananchi hawezi kungoja majibu ya Makerere wiki tatu ili ajue kilichoota uani. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Picha itumike kama chekecheo la kwanza. Iseme kwa unyofu kwamba huu ni uyoga wa jenasi fulani na isivuke hapo; jina la jenasi lililo sahihi lina faida kuliko jina la spishi lililobuniwa. Hata miongoni mwa wanyama wakubwa tumefika mahali hapo. Tangu 2021 shirika la uhifadhi la IUCN huwahesabu tembo wa msituni na tembo wa savana kuwa spishi mbili, na katika msitu wa Kibale wapo tembo waliochanganyika damu. Umbo huonyesha dalili, lakini asili yao huthibitishwa kwa vinasaba. Mhifadhi anayeandika chini ya picha neno tembo bila kuongeza zaidi ameandika anachokijua. Sioni aibu yoyote katika hilo. Na kwa viumbe wanaowindwa, kama kasuku wa kijivu na kakakuona, picha isitaje hata mahali. Majukwaa mazuri huficha ramani zao, na wapiga picha wetu wajifunze kufanya vivyo hivyo kwenye mitandao ya kawaida, ambako hakuna anayeficha.

Kwa mlaji sina maelewano: uyoga wa porini usiliwe kwa jina la simu, na aliyekwisha kuula akapata maumivu apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe na matapishi, kwa sababu daktari akishika mabaki ana jambo zaidi la kufanyia kazi kuliko akionyeshwa kioo cha simu. Kwa anayetaka kuchangia elimu, picha moja haitoshi. Apige kofia kutoka juu, vibamba kutoka chini, shina zima pamoja na kitako kilichochimbwa, uyoga uliopasuliwa katikati, na mti au kichuguu kilicho karibu. Aandike tarehe, mahali, na jina alilosikia kwa wenyeji, pamoja na lugha yake. Achukue alama ya spora. Kisha aukaushe uyoga mmoja kwa joto la polepole, autie kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si ya nailoni.

Bahasha hiyo ina pa kwenda: Makerere ina hifadhi ya mimea mikavu, ina makumbusho ya zoolojia, na ina benki ya taifa ya takwimu za bioanuwai iliyokusanya kumbukumbu za miongo mingi. Hivi ndivyo vitu ambavyo simu milioni moja haziwezi kuvinunua wala kuvitengeneza, na ndivyo vinavyosahaulika wafadhili wanapotangaza fedha za programu mpya. Fedha hizo zikigawanywa vizuri zingeweza kuwaajiri vijana wachache waliosomea ukungu, wenye kazi ya kudumu, ambao jukumu lao la kila siku ni kufungua bahasha, kulinganisha, na kujibu waliotuma, ikiwemo kuwajibu kwamba jina halijapatikana. Mkazi wa Bwaise au Ntinda aliyeleta picha tano, karatasi yenye vumbi la spora na uyoga uliokauka amekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki inahitaji mtu mwenye darubini, mshahara, na kabati lisiloingia wadudu.